Fundi wa Majengo aliyeiandaa baiskeli yangu kwa mlima wa Bereko

Ukimpelekea baiskeli fundi huyu wa Majengo, hapa Dodoma, hagusi spana kabla hajakuuliza unakwenda wapi nayo. Nilimjibu kwamba nataka kupanda Bereko nikitokea Babati. Akaweka chini kikombe cha kahawa, akaipindua baiskeli magurudumu juu, akawa anazungusha pedeli kwa mkono huku anahesabu kwa kidole meno ya friwili, ile seti ya maduara ya meno kwenye gurudumu la nyuma. "Mzee wangu, hii itakutesa ukishapita Bonga," akasema. "Acha nikutafutie yenye meno mengi." Mafundi wengine niliowahi kuwapelekea baiskeli huanza na bei. Huyu ni Mrangi wa Kondoa, na mlima anaujua.

Nami naujua kwa namna yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa utingo wa lori kwenye barabara hii ya Dodoma hadi Babati, baadaye nikawa dereva. Lami haikuwapo. Masika yakikolea, kazi ya utingo ilikuwa kutembea nyuma ya lori na kigogo mkononi, injini ikizidiwa unakitupa chini ya tairi la nyuma kabla mzigo haujaanza kurudi bondeni. Kwa hiyo kona za Bereko nimezipanda sana kwa miguu, nikiwa na matope hadi magotini. Leo Dodoma hadi Babati ni kilomita 251 za lami, zilizozinduliwa rasmi mwaka 2018. Mstaafu mwenye baiskeli na mapafu mazima hana sababu ya kukaa nyumbani.

Baiskeli yangu ni mtumba wa Kijapani, tairi za inchi 26, gia 21: maduara matatu ya meno mbele, saba nyuma. Mbele, lile dogo kabisa lina meno 28. Nyuma, kubwa kabisa lilikuwa na 28 vilevile. Maana yake ni kwamba kwenye gia nyepesi kuliko zote, mguu ukizunguka mara moja na gurudumu nalo linazunguka mara moja, unasogea kama mita mbili na kidogo. Barabara ya tambarare ya kwenda Haneti hiyo inatosha na kubaki. Mlimani, mwili wa miaka zaidi ya sitini ukiwa na mzigo kwenye keria, haitoshi. Fundi akanifungia friwili iliyotumika ambayo duara lake kubwa lina meno 34. Sasa mzunguko mmoja wa mguu unanisogeza kama mita 1.7. Ukikanyaga mizunguko sitini kwa dakika, unakwenda kilomita sita kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Kijana atasema huo si mwendo. Lakini ndio unaokufikisha juu ukiwa bado umekaa kwenye kiti, bila kusukuma.

Kilichonifanya nimheshimu zaidi ni cheni. Kuna mafundi watakaokubadilishia friwili na kukuachia cheni ileile. Siku utakapoweka duara kubwa la mbele na kubwa la nyuma kwa pamoja, cheni fupi itakaza, mkono wa gia, kile chuma cha nyuma kinachohamisha cheni, utang'oka na kuingia kwenye spoku. Huyu aliizungusha cheni kwenye maduara makubwa ya mbele na nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia, akaivuta mpaka ikakutana, kisha akaongeza pingili mbili. Ndipo akaipitisha kwenye mkono na kuifunga. Aliniita nisogee nione. "Hizi mbili ndizo zinazookoa," akasema, akiwa amezishika kati ya vidole viwili vyeusi kwa grisi.

Kuna na suala la mbigili. Mwenyeji wa Dodoma hahitaji kuelezwa: ukishuka lami hatua mbili tu kumpisha lori, tairi inarudi imejaa miiba. Fundi huchukua mpira wa ndani wa zamani, anaupasua kwa urefu, anakata sehemu ya valvu na kuulaza kati ya tairi na mpira mzima, upate kinga ya pili. Inaongeza uzito kidogo, na wanaoshindana mbio hawataipenda. Mimi nimeipenda, kwa sababu huko juu, kati ya Bonga na Bereko, hakuna kibanda cha kuziba pancha kila kona.

Breki nazo hakuziruka. Alizisugua raba za breki kwa msasa mpaka ule ung'avu ukaondoka, akachokonoa kwa ncha ya bisibisi vipande vya chuma na mchanga vilivyozama ndani. Ving'ang'anizi hivyo hula rimu polepole. Waya wa breki ya mbele alibadilisha bila kuniuliza, kisha akanionyesha ule wa zamani: nyuzi tatu zilikuwa zimeshakatika karibu na mpini. Hapo sikuwa na neno. Dereva yeyote wa lori atakwambia kwamba watu hawafi kwa kupanda mlima, wanakufa kwa kushuka.

Sasa mlima wenyewe. Basi la kutoka stendi kuu ya Nzuguni lilinishusha Babati na baiskeli yangu kutoka kwenye buti. Nikalala, nikaanza safari alfajiri. Hadi Bonga unapita mashamba ya mahindi na mbaazi, mguu unapata joto bila kulazimishwa. Baada ya hapo barabara inaanza kujikunja na kupanda, miti ya miyombo inakukaribia pande zote mbili, na hewa inabadilika ladha. Nilishusha gia mapema, kabla mguu haujaomba. Hilo nililijua tangu kwenye lori: gia ya mlima huwekwa chini ya mlima. Ukingoja mpaka cheni ivutwe kwa nguvu zote za paja ndipo usukume kitufe cha gia, itaruka au itakatika.

Friwili ile ikafanya kazi kama alivyoahidi. Kipimo changu ni salamu. Akina mama waliokuwa wakishuka na ndoo za maziwa walinisalimu, nami nikaitika kwa sentensi nzima, nikauliza na habari za watoto, bila kukatika pumzi. Kwenye kona moja kali nilisimama, si kwa kuchoka, bali kwa sababu ukigeuka nyuma Babati yote iko chini yako: Mlima Kwaraa juu ya mji, ziwa limelala pembeni, na upande wa magharibi, kukiwa hakuna mawingu, Hanang wenye zaidi ya mita 3,400. Miaka yote niliyofanya kazi hapa nilikuwa naangalia tairi la nyuma, au naangalia mbele nikiwa nyuma ya usukani. Nilikaa pale kwenye jiwe muda mrefu. Lori likapita likilia kwa gia ya kwanza, na utingo aliyekaa juu ya magunia akanipungia mkono. Nikampungia kwa mikono miwili.

Bereko kuna baridi asubuhi, beba koti. Nilipata chai ya tangawizi na chapati mbili, nikaendelea.

Kutoka hapo kwenda Kolo sehemu kubwa ni kushuka, na hapa breki zilistahili kila shilingi. Nilizibana kwa zamu, mbele kisha nyuma, rimu zipate kupoa. Hii ndiyo nchi ya michoro ya miambani, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ofisi iko hapohapo Kolo kando ya barabara kwa anayetaka kwenda kuiona na mwongozaji. Mimi nilichokuwa nakitazama zaidi ni vilima. Nilipokuwa utingo, vilima vya Irangi vilikuwa vyekundu na vimepasuka makorongo kila upande. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule watu wanaouita HADO, ulikuwa umeanza mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka. Ng'ombe kuondolewa lilikuwa jambo chungu kwa wafugaji, na wazee wa Kondoa bado wanalizungumza. Lakini majani yalirudi, na vichaka vikarudi. Kwa mwendo wa baiskeli unaona kabisa makorongo ya zamani yalivyojaa miti ndani yake. Kwenye basi huwezi kuyaona.

Nirudi kwa fundi, maana yeye ndiye ninayemtathmini. Si kila kitu ni kizuri. Muda wake hauaminiki: aliniambia Jumanne, nikaipata baiskeli Alhamisi, na safari ya Ijumaa nikaiandaa kwa haraka. Bomba la kiti hakulikaza vya kutosha. Karibu na Bonga kiti kilianza kuzama kidogokidogo, nikakikaza mwenyewe kwa spana ya mfukoni. Nilipomweleza, alilikagua palepale na kunibadilishia boliti bila malipo. Mipira ya ndani anayouza ni hafifu, na yeye mwenyewe anakubali, anakushauri ukanunue kwingine umletee afunge. Risiti hana.

Friwili, pingili za cheni, waya wa breki na kazi yote vilinigharimu Sh 45,000. Kwa baiskeli ya mtumba watu wataona ni pesa nyingi. Kwangu ni bei halali kabisa, kwa sababu fundi mwingine mjini alitaka kuniuzia baiskeli nyingine nyepesi zaidi kwa bei mara kadhaa ya hiyo, wakati tatizo lilikuwa meno sita tu ya friwili.

Utampata nyuma ya soko la Majengo, upande wa mafundi cherehani, chini ya turubai la bluu. Ijumaa mchana anafunga kwa ajili ya swala, anarudi baada ya saa nane. Mpelekee baiskeli angalau siku nne kabla ya safari, mwambie uzito wa mzigo wako, na ukiwa unakwenda kushuka upande wa Kolo muulize kuhusu breki kabla hujauliza kingine. Ukitaka friwili ya 34, mpigie mapema, kwa sababu huzipata chache kwenye marobota ya mtumba na zikija hazikai, huisha upesi.