Pentax Papilio II 6.5x21: darubini ya kutazamia mijusi wa uani

Ua wa nyumba yetu hapa Jinja hauzidi hatua kumi na tano kutoka barazani hadi ukutani, na katikati yake umesimama mfenesi mzee ambao mijusi wameufanya mji wao. Udogo huo wa ua ndio ulionitaabisha nilipokuwa nikitafuta darubini. Ya kwanza niliuziwa katika duka moja la Kampala, ambako muuzaji aliisifia sana kwamba inakuza mara kumi; nilipofika nyumbani nikakuta kwamba chochote kilicho karibu kuliko hatua tano kinaonekana kama moshi, na duka likakataa kuipokea tena.

Hii ya sasa, ambayo shemeji aliniletea kutoka ng'ambo, hukuza mara 6.5 tu, lakini huonyesha sawasawa hata kitu kilicho umbali wa sentimita 50. Unapozungusha gurudumu la katikati ili kutazama karibu, lenzi mbili za mbele husogeleana, hivyo macho yote mawili huendelea kuona picha moja. Uzito wake ni takriban gramu 290, nami huivaa shingoni hata ninapomenya matoke.

Mjusi wa kwanza kumtazama alikuwa dume mwenye kichwa cha buluu anayetawala shina la mfenesi. Kwa macho matupu nilikuwa nikiona tu kwamba anapiga pushapu. Kwa darubini niliona koo lake likivimba kila dume mwingine alipojitokeza upande wa pili wa shina, na nikaona buluu ya yule mgeni ikififia aliposhindwa na kuteremka, jambo ambalo hapo awali nilidhani ni kivuli cha majani. Baada ya ugomvi huo mwenye shina alirudi kulamba siafu mmoja mmoja, bila haraka.

Hata hivyo, faida kubwa ya chombo hiki niliipata kwenye ngazi ya jikoni, ambako mjusi laini wa kahawia, mwenye mistari miwili hafifu mgongoni, huota jua asubuhi. Nikiwa nimekaa umbali wa mita moja hivi niliona ukope wake wa chini ukipanda kufunika jicho, kinyume na sisi ambao hufumba kwa ukope wa juu. Mjusi kafiri wa dirishani (jina ambalo sijawahi kulipenda, kwani hajamkosea mtu) hana kope zinazofumba kabisa. Yeye hutoa ulimi na kulisafisha jicho lake kama mtu anayefuta kioo.

Kasoro zipo. Lenzi za milimita 21 haziingizi mwanga mwingi, na mjusi kafiri huanza kazi saa moja jioni, wakati picha inapoanza kuwa nzito. Nje ya duara la taa ya baraza sioni kitu cha maana. Isitoshe, darubini hii haikuzibwa kuzuia maji, kwa hiyo wakati wa masika haitoki nje ya baraza. Tena, ukitazama kwa karibu sana, mjusi akisogea kidogo tu picha hupotea na inakulazimu kuzungusha gurudumu upya, na wakati mwingine ukimaliza kuzungusha yeye ameshaingia ufani.

Kwa mwenye ua mdogo kama wangu bado ningemshauri ainunue hii, na yeyote atakayemwambia kwamba ukuzaji mkubwa zaidi ndio bora amwombe kwanza amwonyeshe maandishi ya gazeti lililo mita moja kutoka alipo. Ile ya mara kumi nimempa shemeji, ambaye sasa hushinda nayo kando ya Nile akiwatazama minandi wakianika mabawa, na hajalalamika hata siku moja.