EOS R6 Mark III au Ubaki na Uliyo Nayo? Mwongozo kwa Wapiga Picha za Harusi

Tangu Canon ilipotangaza kamera ya EOS R6 Mark III tarehe 6 Novemba 2025, wasomaji wamekuwa wakiniletea swali lile lile: je, niuze R6 Mark II yangu ninunue hii mpya? Wengi wanaouliza ni wapiga picha za harusi, na karibu wote wanataja megapikseli 32.5 na picha 40 kwa sekunde. Hata hivyo, picha ambazo baadhi yao wameniambatanishia zina tatizo ambalo hawakuliuliza. Bi harusi amesimama mbele ya jukwaa, shela imekaa vizuri, fokasi imeshika kwenye jicho, lakini juu ya gauni jeupe imepita milia mipana ya giza, kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Mmoja wao aliamini kamera yake imeharibika na alikuwa tayari kuiuza kwa bei ya hasara.

Kamera hiyo ni nzima. Milia hutokea pale kihisi, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuunda picha, kinaposomwa polepole chini ya taa za LED, na kasi ya kusomwa kwa kihisi ndiyo kigezo nitakachotumia kupanga kamera hapa, kwa sababu wauzaji hawakitaji na matangazo hukipita kimya.

Umeme wa Tanzania na Kenya una masafa ya hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ukumbini huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde, ingawa macho hayatambui. Unapotumia shata ya kielektroniki, yaani ile ya kimya tunayoitegemea wakati wa kufungisha ndoa ili padri au shehe asisumbuliwe, kihisi husomwa mstari kwa mstari kuanzia juu hadi chini. Sony A7 IV huchukua takriban sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde kumaliza kazi hiyo, na ndani ya muda huo taa inakuwa imekwisha kuwaka na kufifia mara sita au saba; idadi hiyo hiyo ndiyo ya milia utakayoikuta kwenye picha. R6 Mark II humaliza kwa takriban milisekunde 15 (sehemu 15 za elfu za sekunde), hivyo utaona mlia mmoja na pengine kipande cha wa pili. Shata ya kimakanika, yaani ile ya mapazia yanayofunguka na kujifunga kwa mlio, huvuka fremu kwa milisekunde tatu au nne tu, na madhara yake huishia kwenye upande mmoja wa picha kuwa na giza kidogo.

Dawa ya kwanza haina gharama: weka shata kwenye 1/100 au 1/50 ya sekunde, ili kila mstari wa kihisi upate mwako mzima wa taa, na milia ya umeme wa kawaida itatoweka. Wanaotumia mipangilio waliyojifunza kwa walimu wa Marekani hukwama hapa, kwa kuwa kule umeme ni hezi 60 na wao hushauriwa 1/60 au 1/120. Lakini 1/100 haitoshi maharusi wanapoingia wakicheza, maana miguu na mikono itatoka na ukungu. Tena zile skrini kubwa za LED ambazo wapambaji wa kumbi wamezipenda siku hizi huwaka na kuzima kwa kasi yao wenyewe, mara mamia au maelfu kwa sekunde, na milia yake huweza kuwa myembamba na yenye rangi, ambayo kuiondoa usoni mwa mtu wakati wa kuhariri ni kazi ya kukatisha tamaa.

Nafasi ya kwanza naipa Canon EOS R6 Mark II, iliyotangazwa Novemba 2022 ikiwa na megapikseli 24.2. Sifichi kwamba mimi ni mtu wa Canon. Napenda inavyoitendea haki ngozi ya kahawia chini ya taa mchanganyiko, na lenzi za EF, zile za kamera za zamani za Canon, zimejaa Afrika Mashariki, mpya na zilizotumika, nazo hufanya kazi kikamilifu kwa adapta ya Canon yenyewe. Ukiharibikiwa Jumamosi asubuhi, huwezi kukosa mwenzako wa kukuazima. Zaidi ya upendeleo huo, kamera hii ina mpangilio wa kupambana na taa zenye masafa makubwa, unaokuwezesha kurekebisha shata kwa desimali hadi ilingane na skrini iliyo nyuma ya jukwaa. Zungusha taratibu huku ukitazama kioo, na utaona milia ikipanuka, ikipungua kasi, kisha ikifutika. Ina nafasi mbili za kadi za SD, kwa hiyo unarekodi nakala mbili kwa kadi ulizo nazo tayari. Kwa mtu anayetoka kwenye 5D Mark IV ya mwaka 2016, au 6D ya mwaka 2012 ambayo bado inafanya kazi kwenye studio nyingi, hii ndiyo kamera ya kununua, na tangazo la Mark III limekupa hoja ya kudai bei ishuke.

R6 Mark III yenyewe naiweka ya pili. Ni kamera nzuri sana, na anayeanza bila chochote huku akiwa na fedha za kutosha hatajuta. Anayemiliki Mark II ndiye ninayemwambia asubiri. Kihisi cha Mark III si cha tabaka, yaani kile kilichowekewa saketi za ziada nyuma yake ili kisomwe haraka, na kasi yake ya kusomwa haipishani na ya Mark II kwa kiasi ambacho utakiona kwenye picha za ukumbini. Milia uliyoilalamikia mwaka jana utakutana nayo tena. Zile picha 40 kwa sekunde zinapatikana kwa shata ya kielektroniki pekee, ambayo ndiyo inayoleta milia, na kwa shata ya kimakanika kamera zote mbili hupiga picha 12. Megapikseli zimeongezeka kwa theluthi moja, lakini upande mrefu wa picha umetoka pikseli 6000 hadi 6960 tu, sawa na asilimia 16, na kwenye albamu tofauti hiyo haionekani.

Halafu kuna kadi. Mark III ina nafasi moja ya SD na moja ya CFexpress aina ya B, kwa hiyo mpiga picha za harusi anayerekodi nakala mbili, kama inavyompasa, lazima anunue kadi za aina mpya ambazo ni ghali kuliko SD za kawaida, pamoja na kisomeo chake. Bei ya kutangazwa ilikuwa dola 2,799 bila lenzi. Ongeza VAT ya asilimia 18 kwa Tanzania Bara au 16 kwa Kenya, kisha kadi, na utaona kwamba fedha hizo zingekununulia lenzi angavu, yaani inayoingiza mwanga mwingi, itakayobadilisha kazi yako ya ukumbini kuliko mwili mpya wa kamera.

Nikon Z6III ya Juni 2024 ni ya tatu. Kihisi chake cha tabaka nusu husomwa kwa kasi inayokaribiana na ya R6 Mark II, na kioo chake cha kutazamia kina mwanga mkali unaofaa sana kwenye jua la ufukweni. Bei ya kasi hiyo ni chembechembe zaidi kwenye vivuli kwa ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) ya chini. Sony A7 IV ya mwaka 2021 naiweka mwisho kwa kazi ya ukumbini, kwa sababu nilizokwisha kueleza, ingawa kwa shata ya kimakanika ni kamera hodari. Sony wenyewe wamelitambua tatizo, kwani A7 V waliyoitangaza Desemba 2025 husomwa haraka zaidi kwa mara nne na nusu hivi. Canon R8 ni nafuu, lakini ina nafasi moja tu ya kadi, na harusi ya mtu haipigwi kwa kadi moja.

Kuhusu wauzaji nina uchungu wa siku nyingi. Bei zao zimefungwa kwenye dola upande mmoja tu: shilingi ikishuka, kamera inapanda siku hiyo hiyo, na shilingi ya Tanzania ilipoimarika mwishoni mwa mwaka 2024 tuliambiwa mzigo ulinunuliwa kwa bei ya zamani. Wapo wanaofungua boksi, wakatoa lenzi iliyokuja nayo, wakaiuza peke yake, kisha wakakuuzia mwili kama mpya. Wapo wanaoleta Sony za soko la Japani ambazo menyu yake ni ya Kijapani pekee, na mnunuzi hugundua akiwa nyumbani. Neno "waranti" kwenye risiti mara nyingi ni muhuri wa duka wenyewe, ambao hautambuliwi na kampuni iliyotengeneza kamera.

Kwa hiyo nenda na kadi yako na betri yenye chaji. Omba kamera iwashwe mbele yako, chagua shata ya kielektroniki, weka 1/500, ielekeze kwenye ukuta mweupe ulio chini ya taa za duka, piga, kisha hesabu milia. Rudia kwa shata ya kimakanika, halafu kwa 1/100. Zoezi zima halichukui dakika tano, na muuzaji anayekuzuia kulifanya kwenye kifaa cha mamilioni ya shilingi usimpe hata malipo ya awali.