Taa ya maji ya bahari: nimeipima Mikindani, chumvi hailiwi hata chembe

Haya jamani, shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Leo nipo Mikindani, maji yamekupwa, kwa hiyo mkisikia kelele huko nyuma ni watoto wanaokota chaza.

Mkononi nina taa ya maji chumvi. Nimeinunua mtandaoni kwa shilingi 35,000, muuzaji simtaji. Boksi linasema haitaki betri, haitaki jua, mafuta yake ni bahari. Nilimwonyesha babu mmoja mvuvi wa Msangamkuu, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii inakula nini?" Nikamwambia chumvi, babu. Akacheka mpaka akakohoa. "Ingekuwa chumvi inawaka, sisi tungehangaika na karabai miaka yote ile?"

Basi nikaifungua. Nasogeza kamera, tazameni. Hili bamba la kijivu ni metali ya magnesi. Huu ukuta mweusi ni kaboni yenye vitundu vidogo sana, inapitisha hewa lakini maji hayavuji. Namimina maji ya bahari... hiyo, imewaka. Namwaga, naweka ya bombani. Mnaona? Inasinzia kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Chumvi ina kazi, lakini kazi yake ni kuvusha tu: ayoni zake, yaani chembe zenye umeme, zinabeba chaji ndani ya maji ili mzunguko wa umeme ukamilike. Chumvi niliyomimina jioni, asubuhi bado ipo.

Kinacholiwa ni bamba. Kila atomu ya magnesi inaachia elektroni 2 na kuingia majini ikiwa ayoni. Elektroni zinapita kwenye waya, zinawasha taa, zinatokea upande wa kaboni. Pale molekuli moja ya oksijeni kutoka hewani inapokea elektroni 4, ikishirikiana na maji inakuwa haidroksidi. Haidroksidi ikikutana na magnesi iliyoyeyuka ndiyo mnapata huu uji mweupe chini. Wengi wanadhani ni chumvi imeganda. Siyo, ni bamba lenu hilo, mnalimwaga.

Sasa hapa ndipo mdogo wangu wa sekondari aliponibana. Magnesi ndiyo inayopoteza elektroni, kwa hiyo ni anodi. Nikaweka mita, anodi ikasoma hasi. Akaniambia, "Kaka, mwalimu katufundisha anodi ni chanya!" Mwalimu yuko sahihi na mita iko sahihi. Njooni kwenye bakuli.

Humu nina maji yaleyale ya bahari, nimetia juisi kidogo ya choya, imekuwa na wekundu wa mbali. Penseli mbili zimechongwa ncha zote mbili, nimeziunganisha na betri ya volti 9. Tazameni ile ya upande wa hasi: mapovu mengi, hiyo ni haidrojeni. Na rangi ya choya pale inageuka kijani, kwa sababu maji yanapopokea elektroni yanabaki na haidroksidi. Upande wa chanya rangi inafifia, inakuwa nyeupe. Na harufu... mnaijua, ya dawa ya kufulia nguo nyeupe. Hiyo ni klorini, ayoni za kloridi za kwenye chumvi zimenyang'anywa elektroni. Fanyeni nje penye upepo, dakika mbili zinatosha, msiiname kunusa. Sodiamu, ile sehemu nyingine ya chumvi, haiguswi, maji yanaiwahi kupokea elektroni.

Kwenye bakuli betri ndiyo inayozivuta elektroni kwa nguvu kutoka anodi, lazima anodi iwe chanya. Kwenye taa hakuna anayevuta, magnesi inazisukuma yenyewe, zinarundikana kwake, inakuwa hasi. Anodi zote mbili zinapoteza elektroni, kathodi zote mbili zinapokea. Mdogo wangu, kariri hilo, alama ziache zibadilike. Hata mwanasayansi Faraday alipoyaleta maneno haya mwaka 1834 aliyatoa kwenye Kigiriki cha njia ya kupanda na njia ya kushuka, chanya na hasi hazimo ndani ya neno.

Turudi kwenye pesa. Bamba jipya lilikuwa gramu 38 kwenye mzani wangu mdogo. Nimewasha usiku 11, kwa muda wa saa 4 kila usiku. Limebaki gramu 27. Mkondo nilioupima ni kama ampea 0.3. Kwa hesabu, gramu moja ya magnesi inatoa ampea-saa 2.2 hivi, kwa hiyo saa 44 zilitakiwa kula gramu 6. Zimeondoka 11! Gramu 5 zimekwenda wapi? Sikilizeni, naweka maikrofoni karibu... sss. Taa nimeizima na bado inachemka. Magnesi inagombana na maji moja kwa moja, inatoa haidrojeni, na taa haipati kitu. Mimi usiku kadhaa nililala na maji ndani. Kosa langu, ingawa boksi nalo limenyamaza kimya. Ukimaliza, mwaga, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha bamba.

Bamba la akiba wanauza 12,000. Kwa taa ya nyumbani, hapa Mtwara penye jua hivi, sikushauri, chukua ya sola. Mwanga wenyewe unatosha kutengua nyavu, kusomea utaumia macho. Lakini betri ya sola ikisahauliwa miezi inakufa, na mawe ya tochi yanavuja. Hii ikiwa kavu haina inachokula, inakaa tu.

Babu ameshanilipa 15,000, kaifungia kwenye kidumu cha mdomo mpana ndani ya ngalawa, kavu kabisa. Siku tochi ikimgomea huko nje, maji ya kumimina anayo.