Chomoa laini kwanza: programu za kufuatilia sola ya biashara, kuanzia ya kununua hadi ya kuachana nayo

Malalamiko ya wenye sola za biashara, iwe hoteli, shule au kiwanda cha kusaga nafaka, yanafanana kama mapacha. Uzalishaji wa mwezi umeshuka, fundi anaapa kuwa paneli ni nzima, mwenye mali anafungua simu aone tarehe 14 kulikuwa na nini. Grafu inapanda vizuri mpaka saa 5:05 asubuhi, kilowati 62. Kuanzia hapo mstari umenyooka kama umepigwa rula mpaka saa 8:40 mchana, ndipo unaanza tena kupanda na kushuka. Zaidi ya saa tatu za jua kali, na hakuna kilichoandikwa.

Wengi hulipuuza jambo hilo kwa sababu jumla ya siku bado inaonekana. Inaonekana kwa kuwa kila inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa umeme wa kawaida wa matumizi) ina kaunta yake ya ndani ya kWh, na mtandao ukirudi inatuma jumla hiyo. Kinachopotea ni vipimo vya kila dakika 5: volti za kila fezi, joto la inverta, mkondo wa kila stringi (safu ya paneli zilizoungwa pamoja), namba za hitilafu. Bila hivyo huwezi kujua kama TANESCO walikata umeme, kama volti ya gridi ilipanda inverta ikajitoa yenyewe, au kama feni imekufa na inverta inapunguza kazi kwa joto. La feni ni la waranti, na mtengenezaji atakuomba data ambazo huna.

Kwa hiyo hapa hakuna maksi za uzuri wa dashibodi, wala za ile idadi ya miti ambayo programu inadai umeiokoa. Kinachopimwa ni mahali taarifa zinapokaa mtandao ukikatika.

Jaribio la laini

Chagua siku ya jua. Saa 4 asubuhi chomoa laini ya simu kwenye ruta, au zima ruta yenyewe, mtambo ukiendelea kuzalisha. Irudishe saa 7 mchana. Kesho yake fungua grafu ya siku hiyo, usiangalie kilowati peke yake, fungua na volti za fezi zote tatu. Ukikuta vipimo vya kila dakika 5 kuanzia saa 4 hadi saa 7, loga (kile kisanduku kinachokusanya taarifa za inverta) ina kumbukumbu na imezituma baadaye. Ukikuta mstari wa rula, umeuziwa kioo cha kutazamia, si kumbukumbu.

Halafu fanya la pili, ambalo wauzaji hawalipendi: shusha swichi kuu ya umeme wa gridi. Je, loga na ruta bado zinawaka? Mara nyingi zimechomekwa soketi ya ukutani, kwa hiyo umeme ukikatika, shahidi naye amezimika. Loga na ruta nyingi zinatumia volti 12, na UPS ndogo za ruta zinazouzwa madukani zinatosha kuzibeba kwa saa kadhaa.

Ya kwanza: Victron VRM na Cerbo GX

Upendeleo upo na haufichwi. Kwa mtambo wenye betri, yaani hoteli ndogo, kituo cha afya, shule ya bweni, hii haina mshindani. Cerbo GX, ambayo ndiyo loga ya Victron, inakubali volti 8 hadi 70 za DC, kwa hiyo inakula moja kwa moja kwenye betri na haijali gridi ikiwepo au isipokuwepo. Bila kadi inahifadhi taarifa za takriban saa 48. Ukiweka kadi ndogo ya kumbukumbu, kila mwezi unakula kama MB 25, maana yake kadi ya GB 1 inabeba miaka mitatu. Mtandao ukirudi, zote zinapanda. Na kama kijijini hakuna mtandao kabisa, kadi inachomolewa na kupakiwa ukiwa mjini.

Tovuti ya VRM hailipiwi. Inatuma taarifa ikiwa mtambo umekaa kimya muda uliouweka, inaruhusu kubadilisha mipangilio ukiwa mbali, na inasoma inverta za Fronius na SMA zilizo kwenye mtandao huohuo. Kasoro yake: vipimo vya kina vimehakikishiwa miezi sita tu, kwa hiyo vipakue kila robo mwaka. Na kwa paa la kilowati 500 lisilo na betri, hapo si nyumbani kwake.

Ya pili: FusionSolar, lakini na SmartLogger

Kwa mapaa ya viwanda yasiyo na betri, ya Huawei ndiyo ya kuchukua. Loga yake, SmartLogger 3000, inasimamia hadi inverta 80 kupitia milango mitatu ya RS485 (waya wa mawasiliano kati ya loga na inverta). Usiweke zaidi ya 30 kwenye mlango mmoja. Ina kipimo cha mkunjo wa I-V (mkondo dhidi ya volti) kinachochunguza kila stringi bila mtu kupanda paani, ila kinahitaji leseni ya kulipia. Bei ya leseni hiyo iandikwe kwenye nukuu kabla hujasaini, maana baada ya kufunga mtambo haishuki.

Angalia usiuziwe jina la FusionSolar huku ukifungiwa kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye inverta. Kinafaa mtambo mdogo; kwa kiwanda dai SmartLogger, na uifanyie jaribio la laini.

Ya tatu: Sunny Portal na Data Manager M ya SMA

Imara, inabeba hadi vifaa 50. Bei ya seti nzima ndiyo inayoishusha.

Ya nne: VCOM ya meteocontrol

Ya Wajerumani, haifungamani na inverta ya kampuni moja. Ina maana kwa mwenye vituo vingi vyenye inverta mchanganyiko na mtu wa kukaa mbele ya skrini kila asubuhi. Mwenye paa moja atakuwa analipia ada bure.

Vijiti vya wifi

Vya bei rahisi, vinavyokuja na inverta nyingi za Kichina. Vingi vinashika wifi ya 2.4 GHz tu, mtu wa ofisini akibadilisha nenosiri la ruta vinapotea, na kwenye jaribio la laini ndivyo vinavyochora mstari wa rula. Nyumbani sawa.

Programu nzuri ikilishwa uongo

Waya wa RS485 unapita kwa mnyororo, kutoka inverta moja kwenda ya pili kwenda ya tatu; ukigawanya matawi kama nyota, ujumbe unarudi na kugongana. Weka kizuizi cha ohm 120 kwenye ncha zote mbili, na kinga ya waya iende ardhini upande mmoja tu. A iende kwa A na B kwa B, ila watengenezaji hawakubaliani A ni ipi, hivyo mawasiliano yakikataa kabisa, geuza nyaya mbili kabla ya kulaumu loga. Kosa la kila siku ni anwani: inverta nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na anwani 1. Mbili zikibaki hivyo zinajibu kwa pamoja, na kwenye skrini utaziona zinapokezana kutokea na kupotea.

CT nayo, ile pete inayovishwa waya kupima mkondo. Mshale wake ukielekea kinyume, matumizi yanasoma hasi. CT ya 250/5 ikiandikwa kwenye mita kama 50/5, kila namba inakuwa moja ya tano ya ukweli. Ikiwa imekaa fezi L2 huku waya wake wa volti ukisoma L1, namba zinakuwa za ajabu tu. Kwa mtambo uliopangwa usirudishe umeme kwenye gridi hili ni la hela, kwa sababu baadhi ya mita za kulipia kabla huhesabu umeme unaorudi kama umeutumia.

Nunua pia kihisi cha mionzi ya jua, kifungwe kwa mwinamo uleule wa paneli. Hesabu ni fupi: mtambo wa kilowati 100, siku yenye mionzi ya 5.5 kWh kwa mita ya mraba, ufanisi wa 0.78, unatarajia kWh 429. Ukipata 340, anza na vumbi. Lakini kihisi kifutwe kila wiki, kwani kikichafuka sawa na paneli kitakuambia jua ndilo lililopungua.

Ada ya hewa

Wapo wauzaji wanaoandika kwenye ankara "ada ya programu kwa mwaka" kwa ajili ya VRM, au FusionSolar ya kawaida. Hizo hazilipiwi. Kama wanatoza kwa kuangalia mtambo na kupiga simu ukisimama, hiyo ni kazi halali: waandike kazi hiyo, na baada ya saa ngapi fundi atafika. Wengine wanafungua akaunti kwa barua pepe ya fundi, wanampa mwenye mali ruhusa ya kutazama tu, na siku mkikosana hata historia ya mtambo wako inaondoka nao.

Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya biashara yako, wewe ukiwa msimamizi mkuu, fundi aongezwe kama mtumiaji unayeweza kumfuta. Piga picha stika za namba za kila inverta na loga kabla hazijafunikwa, kwa sababu ndizo mtengenezaji atakazouliza ukitaka kurudishiwa akaunti. Na asilimia 10 ya malipo ibaki kwako mpaka jaribio la laini lipite.