Gemu ipi ya magari inaendesha kama gari kweli? Uzoefu wangu nikiwa Arusha

Wakuu habari zenu, mimi ni dereva wa utalii hapa Arusha, masika ikishakolea Aprili na Mei wageni wanapungua sana kwa hiyo muda mwingi niko home Njiro, na huu ni mwaka wa pili huo muda naumalizia kwenye gemu za magari. Picha nzuri siku hizi kila gemu inayo, mimi nachopima ni kimoja tu: nikifumba macho mikono ikiwa kwenye usukani, nitajua tairi zinafanya nini chini?

Gran Turismo 7 nimeipiga kwa mshkaji wangu Sakina kwenye PS5. Aisee ni nzuri kuangalia, ilitoka 2022 ikiwa na magari zaidi ya 400, na kwa mtu anayetumia pedi ya kushika mkononi badala ya usukani naona hakuna inayoifikia kwa utamu. Ila gari zake zinasamehe sana, unaingia kona vibaya na bado unatoka mzima. Halafu inataka intaneti karibu kwa kila kitu, na kwa bando zetu hizi hilo lifikirie kabla hujatoa hela.

Assetto Corsa ndo ilinifumbua macho, ya Waitaliano wa kampuni ya Kunos, ni ya 2014 na haihitaji kompyuta ya kutisha. Mwanzo niliilaumu bure kabisa. Nilikuwa nimenunua usukani wa mtumba duka moja mjini laki nne na nusu nikaambiwa hauna tatizo, kumbe pedali ya breki inaruka, unaigusa kidogo tu gemu inasoma umekanyaga mpaka mwisho, tairi zinafunga, gari inaenda moja kwa moja. Wiki nzima nasema hii gemu mbovu. Nilipofungua pedali nikakuta vumbi limejaa kwenye kile kifaa cha kusoma mguu, nikapulizia dawa ya kusafishia umeme, ikatulia, na hapo ndo nikaiona Assetto yenyewe. Ukizidisha spidi kwenye kona tairi za mbele zikizidiwa usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi, kabla hata macho hayajaona kitu, na ndivyo gari ya kweli inavyokuambia. Barabara zake nyingi zimepimwa kwa leza, kwa hiyo kwenye Nürburgring ya Ujerumani, ile ndefu ya kilomita 20.8, unasikia kila kibonde, ukifika kona ya Karussell yale mabamba ya zege yanakugonga mpaka kwenye viwiko. Kasoro yake ni mvua, gemu ya awali haina kabisa, ukitaka mvua na usiku nenda Assetto Corsa Competizione ya 2019, ambayo nayo inataka mashine yenye nguvu.

Sasa kwenye vumbi na tope, hapo ndo kwangu mimi. EA Sports WRC, gemu ya rali ya 2023, ina Kenya ndani, na kwa mtu wa huku kuona mandhari ya Naivasha kwenye skrini inagusa, na rafu rodi yake iko vizuri tu, lami ndo haijaniridhisha. Lakini inayonikosesha usingizi ni Richard Burns Rally, gemu ya 2004! Burns mwenyewe alikuwa dereva wa rali Muingereza, alishinda Safari Rally 1998 na 2000, akawa bingwa wa dunia 2001. Picha zake za kizamani kweli, ila mashabiki mpaka leo wanaiongezea barabara na magari, na ule uzito wa gari unavyohama sijauona kwingine. Ukipiga breki pua inalala, tairi za mbele zinashika na mkia unakuwa mwepesi, hapo ndo unapokata usukani, ukichelewa hata kidogo uko mtaroni. Ni kilekile tunachofanya ukishavuka geti la Loduare kupanda Ngorongoro siku mvua imenyesha na ule udongo mwekundu umekuwa kama sabuni: unapunguza mapema, unakata mapema, halafu unaiacha gari ijizungushe yenyewe bila kugusa breki tena.

Nilitaka mtu mwingine aniambie kama naota, nikamwita mzee wetu mmoja wa kazini, ameendesha hizo njia tangu mimi niko primari na hajawahi kushika gemu maishani. Nikamwekea changarawe yenye maji. Kona ya kwanza akaachia mafuta mapema, akagusa breki, akakata, mkia ukaja taratibu akaupokea kwa usukani wa kinyume, akatoka kwenye kona na gari imenyooka. Akanigeukia akasema, "Mwanangu, hii inateleza kweli." Akaomba arudie. Tukakaa pale mpaka umeme ukakatika saa nne usiku.