Saa janja ilinizimikia njiani kwenda kileleni, ila aliyeniudhi zaidi ni kijana wa dukani

Naandika hii bado nina hasira, mtanisamehe. Mi ni gaidi, yaani naongoza wageni Mlima Kilimanjaro, naishi Pasua hapa Moshi, na mwanzoni mwa msimu nilijichanga nikanunua saa janja kwenye duka moja la mjini, jina silitaji. Laki na themanini. Sikuitaka ya kuvalia mjini, niliitaka kwa ajili ya ule usiku wa kupandisha wageni kileleni, maana simu unaificha ndani kabisa ya koti isiuliwe na baridi, sasa kila mgeni akiuliza saa ngapi uanze kufungua zipu nne na glavu mkononi? Haiwezekani.

Safari ya kwanza tulipita njia ya Machame. Siku za chini haikuwa na shida. Tukatoka kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, saa sita usiku, baridi ile ya kuuma mpaka meno, natembea na fimbo zangu pole pole, wageni nyuma. Sasa angalia kinachotokea: kila nikipeleka fimbo mbele mkono unainuka, saa inadhani nataka kuitazama, skrini hiyo inawaka. Hatua, inawaka. Hatua nyingine, inawaka tena. Usiku kucha mkono wangu unawaka na kuzimika gizani mle, na baridi nayo inakula betri kwa upande wake, saa nane na kitu naiangalia, nyeusi tii. Hata Stella Point, pale ukingoni kabla ya kilele, hatujaiona. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, amechoka, kila tukipumzika ananiuliza jua litatoka lini, na mi nakisia tu kwa kutazama upande wa mashariki kwenye kilele cha Mawenzi kama kumeanza kupambazuka. Mgeni aliyechoka akishajua kiongozi wake anakisia, miguu yake inazidi kuwa mizito, hilo nimeliona mara nyingi.

Cha kuuma, tuliposhuka na jua limetoka ikapata joto ikawaka yenyewe, na chaji ilikuwepo kidogo! Sasa si ungewaka kule juu?

Nikaenda dukani. Kijana yuko kaunta, macho kwenye simu, nasalimia haitikii. Nikamweleza taratibu tu, ndugu yangu hii saa inawaka ovyo nikitembea, inamaliza chaji mlimani. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Bro, hizi saa ni za watu wa gym, sio za wapagazi."

Jamani. Nimebeba mizigo miaka sita kabla sijapata leseni, kilo 20 kichwani, mvua ya msituni mpaka mchanga wa juu kule, na sioni aibu hata chembe. Hao wapagazi unaowasema, sisi tunawaita wagumu, ndo wanaoshusha hela ya mlima mjini, wananunua sukari, wanalipa kodi za nyumba, wananunua na hizo chaja zako. Ungeniambia saa ni mbovu ningeelewa. Ungeniambia hujui ningeelewa pia. Ila kuniambia kitu fulani si cha watu wa aina yangu, hapana, hilo mpaka leo nikilala linanirudia.

Af bado akanitoza elfu kumi "ya setingi". Nikatoa, maana nilikuwa na safari tena kesho yake. Alichofanya ni kushusha mwanga mpaka mwisho na kuniwekea sura ya skrini yenye maua maua na namba ndogo kama mchwa. Tumefika kambi ya Karanga mchana, jua la utosi, sioni kitu, naifunika na kiganja nachungulia kama natafuta sindano. Usiku ikaendelea kuwaka vilevile maana pale penyewe hakupagusa. Ikafa kama saa kumi alfajiri. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu hii saa naiuza hata kwa elfu hamsini, na watu nikawaambia wasiinunue.

Aliyeiokoa ni binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu. "Mjomba, shikamoo, lete niione. Unavaa mkono gani?" Wa kushoto. Akaigeuza pamoja na skrini, kitufe kikawa upande wa kiwiko, kumbe kule mwanzo kila nikikunja mkono kwenye fimbo mgongo wa mkono ulikuwa unakibonyeza! Mwanga akauweka ujipime wenyewe, jua kali unapanda, giza unashuka. Sura akatafuta nyeusi yote yenye namba kubwa mbili tu, akaniambia skrini ya AMOLED kila nukta inajitolea mwanga wake, kwa hiyo penye weusi pamezimwa kabisa, hapali chaji. Hilo nalo dukani walishindwa kulisema?

Na ile ya kuinua mkono hakuifuta, aliipangia muda. Hapo nilikuwa nachanganyikiwa maana saa inahesabu kizungu, akaniandikia kwenye karatasi: 18:00 mpaka 06:00, yaani kumi na mbili jioni mpaka kumi na mbili asubuhi, skrini isiwake mpaka nibonyeze kitufe. Mchana nikiinua mkono inawaka kama kawaida. Chai yangu haijapoa, kashamaliza.

Safari iliyofuata tukiwa tunakaribia Stella Point mzee mmoja akauliza muda, nikabonyeza na dole gumba glavu ikiwa mkononi, 5:40. Nikamwambia bado kidogo sana jua litoke, akanyanyuka mwenyewe. Tumefika geti la Mweka kesho yake na chaji ipo.

Kwa hiyo ile kauli ya kuwaambia watu wasinunue naifuta, saa ni nzuri, wagumu wawili wameshaniulizia na nimewaambia wachukue. Ila wasichukulie pale. Kwa kweli nilitaka nisiseme hivi, biashara ya mtu ni biashara ya mtu, lakini nikikumbuka yule kijana hakuinua hata kichwa nashindwa. Wiki iliyopita nimepita nikamuulizia elfu kumi yangu, wakasema hayupo. Nitapita tena nikishuka.