Steshenari ya Mwanjelwa inayouliza mwandishi alifariki lini

Duka hili dogo la steshenari, karibu na soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, huchapa vitabu kutoka intaneti na kuvifunga kwa spairo, lakini si kila kitabu. Mteja aliyenitangulia alileta kitabu kizima cha kiada kwenye flashi. Mhudumu alifungua ukurasa wa hakimiliki, akamwonyesha kwa kidole mwaka na jina la mchapishaji, kisha akakataa kwa upole. Katika jiji lenye wanafunzi wengi kama hili, msimamo huo ni adimu.

Kitabu nilichotaka kichapwe kilitoka Project Gutenberg, mradi wa Marekani ulioanza mwaka 1971, unaotoa bure vitabu ambavyo ulinzi wake wa hakimiliki umekwisha. Hapo ndipo penye ugumu: Marekani huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa kwa vitabu vya zamani, ilhali Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iliweka maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo riwaya ya Mwingereza iliyotoka 1925 inaweza kuwa mali ya umma kule na bado ikalindwa hapa, iwapo mwandishi wake alifariki 1985. Mhudumu alilijua hilo bila kusoma popote, jambo ambalo sikulitarajia kaunta.

Karatasi ni nzuri na wino umekolea. Spairo, hata hivyo, ni hafifu, na foleni ya jioni inachosha.